Huyu wa chini anaitwa nani?

Mama alikuwa anachambua mchele nilipomwonyesha ile picha. Ilikuwa 2013, siku ya tatu tangu nirudi likizo kutoka Valladolid, Uhispania, na nilikuwa na haraka ya kujionyesha. Nikamwambia aweke ungo chini, afute mikono, atazame vizuri, kwa sababu hiki ndicho kitu kilichoniweka mwaka mzima kwenye baridi ya kupasua midomo.

Picha yenyewe ilikuwa ya mchongo wa mbao uliopakwa rangi, kazi ya Isidro de Villoldo, ya mwaka 1547 hivi. Mchongo uko kwenye makumbusho ya taifa ya sanamu pale Valladolid. Unaonyesha muujiza wa Watakatifu Kosma na Damiano, wale madaktari ndugu ambao hawakumtoza mgonjwa hata senti. Mtu mmoja mguu wake ulikuwa umeoza. Watakatifu wakamjia usingizini, wakautoa, wakampachika mguu wa mtu mweusi. Akaamka mzima, miguu miwili, rangi mbili.

Kosma na Damiano mama anawajua. Majina yao yalikuwa yanasikika kwenye misa ya Kiswahili ya kambi ya polisi tulikoishi, padre akisoma ile sala ndefu ya zamani, kwa hiyo sikuhitaji maelezo mengi. Aliisogeza picha mbali, akaisogeza karibu. Mama amefanya usafi kwenye chumba cha upasuaji miaka 22, na kwa mambo ya chumba cha upasuaji humdanganyi. Akaweka kidole juu ya yule mtu aliyelala sakafuni, mguu umekatwa, uso umejikunja kwa maumivu.

"Mgonjwa yuko kitandani, sawa. Madaktari wako kazini, sawa. Huyu wa chini anaitwa nani?"

"Hajulikani, mama."

"Na nani anamhudumia?"

Nikatazama upya, kana kwamba sikuwa nimeitazama picha hiyo miezi minane mfululizo.

"Hakuna."

"Sisi tungefukuzwa wote," akasema, akauvuta ungo wake mapajani.

Tasnifu yangu ya uzamivu ina kurasa 312. Nikiikamua sana, inajaribu kujibu maswali hayo mawili ya mwanamke aliyeishia darasa la saba Arua.

Niseme nilikotoka, maana wanaosoma hapa wengi hunijua kama yule mwalimu mwenye mkoba wa ngozi anayepanda boda boda na kuomba asikimbizwe. Nimezaliwa kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, ndani ya yuniporti, vile vibanda vya bati vya duara ambavyo mchana ni tanuri na usiku ni friji. Baba alikuwa dereva, sajini, Mpadhola wa Tororo. Mama ni Mlugbara. Lugha zao hazikukutana popote isipokuwa kwenye Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya paredi, ya foleni ya maji, ya kugombana na ya kupatana. Kampala ukiongea Kiswahili kwenye teksi watu wanashika mifuko yao. Wanajua ni lugha ya askari na ya mwizi, wanasubiri tu kujua wewe ni yupi.

Kanisa tulilokuwa tunasali lilikuwa na Mtakatifu Yosefu wa plasta, na pua yake ilikuwa imebanduka. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Ndani ya pua ya Yosefu mlikuwa mweupe kama chaki. Sikushtuka kwamba sanamu si mtu. Hilo kila mtoto analijua. Kilichonishika ni kwamba rangi ya ngozi ilikuwa nyembamba kiasi kile, utando tu, na chini yake hakuna rangi ya mtu yeyote. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuangalia mahali rangi inapoishia. Ndiyo kazi yangu mpaka leo, ukiondoa vikao.

Makerere nilisoma sanaa kwenye kile chuo kilichoanzia mikononi mwa Margaret Trowell mwaka 1937. Nilikuwa mchoraji wa wastani. Nasema wastani kwa kujipendelea. Lakini somo la historia ya sanaa lilikuwa la saa nane mchana, wakati wenzangu wanasinzia kwa posho (ugali wetu) na maharage, na mimi ndiye pekee niliyekuwa macho, kwa hiyo mwalimu akawa anafundisha mtu mmoja. Nilipotaka kusoma zaidi nilikwenda maktaba moja ya mjini yenye kitabu kikubwa cha uchoraji wa Uhispania. Kurasa zote za rangi zilikuwa zimekatwa kwa wembe. Nilisoma maelezo ya picha bila picha. Velázquez, mchoraji wao mkubwa wa karne ya 17, nilimjua kwa maneno kwanza, kama vile watu wanavyomjua mchezaji kwa redio.

Kiitaliano nilifundishwa na padre mmoja mzee, mmisionari aliyestaafu, ambaye hakuwa na kitabu cha sarufi ila alikuwa na rundo la magazeti ya La Gazzetta dello Sport, yale ya karatasi ya waridi, aliyotumiwa na mpwa wake. Matokeo yake nilijua kusema *fuorigioco*, kuotea kwenye mpira, kabla sijajua brashi inaitwaje. Kihispania kilikuja kwa urahisi ambao sikuutegemea. Ukiwa na Kiswahili, umeshaingia nusu mlango: Waarabu walipita kwetu na walipita kwao. Sukari ni *azúcar*. Kadhi wetu ni *alcalde* wao, ingawa kule amekuwa meya. Na ile "hata" tunayoitumia kila siku ni ileile *hasta* ya kwao. Halafu Wareno wakaja pwani wakatuachia meza na bendera, na Wahispania wanasema *mesa* na *bandera*. Mwalimu wangu wa lugha alidhani nina kipaji, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Mwaka 2011 nilipata nafasi ya kusoma na nusu ya pesa. Nikapanda basi la usiku kwenda Nairobi kuomba viza, kupitia Busia, na faili langu nimelilalia kama mto. Kwenye ubalozi mmoja, ambao sitautaja, kijana wa dirishani alisoma barua yangu akaniuliza kwa upole kabisa: sanaa ya Uhispania ya karne ya 16 na 17? Kwani kwenu hakuna sanaa? Baada ya wiki mbili nikanyimwa. Hawakuridhika kwamba ningerudi nyumbani.

Swali hilo la kijana wa dirishani nimelisikia kwa sauti nyingi tangu hapo. Baba yangu mdogo huliuliza kwenye kila harusi, akiwa na mfupa wa mbuzi mkononi: umeshindwa kusomea vya kwetu? Vya kwetu navipenda. Ila kichwa cha Luzira, ile sanamu ya udongo ambayo wafungwa waliifukua mwaka 1929 wakichimba pale kilimani kwenye gereza, kiko London. Nikitaka kukitazama nahitaji viza, barua ya benki na picha mbili za pasipoti, sawasawa na za kumtazama Villoldo. Kwa hiyo kwa upande wa makaratasi, sanaa yote kwangu ni ya ugenini.

Lakini siku ile nilipokataliwa sikuwa na jibu la kejeli. Nilikuwa na aibu tu. Sikutaka kurudi Nsambya na mkono mtupu, nikapanda basi lingine kwenda Mombasa kwa binti ya shangazi yangu aliyekuwa ameolewa Kisauni. Alinivumilia siku nne. Siku ya pili akanipa nauli ya matatu akasema niende nikatembee, nisimkalie nyumbani na uso huo.

Nikaenda Ngome ya Yesu. Nilikuwa naijua kama kila mtu anavyoijua, kwenye kitabu cha shule ya msingi, Wareno na mizinga. Ndani nikasoma kwamba aliyeichora ramani yake alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na kwamba ujenzi ulianza 1593 kwa amri ya Felipe wa Pili, mfalme wa Uhispania, ambaye wakati huo alivaa pia taji la Ureno; falme hizo mbili zilikuwa na mfalme mmoja kuanzia 1580 hadi 1640. Niliisoma mara tatu. Mgongo wangu ulikuwa umeegemea ukuta wa matumbawe ambao mfalme wa Uhispania aliuagiza na Mwitaliano akaupima, na watu wa pwani hii ndio waliokuwa wakiutazama unapanda. Na wiki mbili kabla nilikuwa nimeulizwa mambo hayo yananihusu nini.

Kuna kitu kimoja pale ambacho wageni wengi wanakipita. Ni plasta yenye michoro ya mkaa na udongo mwekundu: merikebu, watu, alama mbalimbali, zilizochorwa na mabaharia au askari wa Kireno waliokaa ngomeni. Si kazi ya fundi. Mistari ya merikebu imerudiwarudiwa, mtu anakikumbuka chombo chake kamba kwa kamba. Mimi nimelelewa na askari. Kibanda cha lindo pale kambini ndani kilijaa michoro ya kalamu ya bluu: magari, wanawake, bendera, Land Rover iliyochorwa na mtu aliyeijua kila skrubu. Zamu ya usiku ni ndefu. Nilisimama pale nikajua kwa hakika kwamba ninaowasoma ni watu, wana miguu inayouma na zamu isiyoisha, na kwamba naweza kuwasoma.

(Neno gereza, kwa njia, ni *igreja* ya Wareno, kanisa. Na ngome ile Waingereza waliifanya jela mpaka 1958. Nilipompigia baba simu kumwambia, alicheka mpaka salio likaisha. Miaka 30 alikuwa anawapeleka watu kanisani bila kujua.)

Mwaka uliofuata nikaomba tena, kwa barua bora zaidi na pesa kamili. Nikapewa.

Valladolid ni mji wa tambarare ya juu, na majira ya baridi ukungu unakaa juu yake kama sufuria imefunikwa. Makumbusho ya sanamu yapo kwenye jengo la zamani la Colegio de San Gregorio. Siku ya kwanza niliingia nikakutana na Kristo aliyelazwa, wa Gregorio Fernández, nikarudi nyuma hatua mbili. Macho ya kioo. Kucha za pembe ya ng'ombe. Meno ya pembe ya ndovu yanayoonekana kwenye mdomo ulioachama. Damu iliyoganda kwenye vidonda imeinuliwa kwa vipande vya lile gamba la mti linalotengenezwa vizibo vya chupa za mvinyo. Wenzangu wa Ulaya walikuwa wanajadili mtindo. Mimi niliwaza mama angesema nini kuhusu kidonda kile, na kwamba angesema kimetengenezwa vizuri.

Bibi mmoja fundi wa ukarabati alitufundisha kwa mikono. Hakuamini mtu anayeandika kuhusu sanamu bila kuchafuka. Unaanza na mbao, unaipaka gundi ya ngozi iliyochemshwa, halafu jasi iliyochanganywa na gundi hiyohiyo, tabaka juu ya tabaka, unasugua mpaka iwe laini kama yai. Ndipo unakuja udongo mwekundu, mororo, wa rangi ya barabara ya Nansana, anakoishi mama, mvua ikikatika. Juu ya udongo huo ndiyo unalaza dhahabu. Karatasi yake ni nyembamba kiasi kwamba ukipumua inaruka. Hushiki kwa kidole. Unachukua brashi pana ya nywele laini, unaipitisha shavuni ipate mafuta kidogo ya ngozi, na mafuta hayo ndiyo yanayoinua dhahabu.

Sasa mimi, kwa baridi ile, nilikuwa nimejipaka Vaseline kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Nikapitisha brashi shavuni. Dhahabu ikaja vizuri sana, ikagoma kuondoka. Nikaikandamiza, ikajikunja ikawa kidonge. Karatasi tatu ziliharibika hivyo kabla yule bibi hajaja, akanusa brashi, akanitazama usoni, akaenda kuniletea sabuni. Somo la historia ya sanaa ambalo nimeambiwa ninawe uso.

Dhahabu ikishatulia unaisugua kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Halafu, na hapa ndipo nilipopenda, unaifunika. Unapaka rangi ya kiini cha yai juu ya dhahabu yote, bluu au nyekundu, mpaka isionekane kabisa. Ikikauka unachukua kijiti chenye ncha unaanza kukwangua, mstari kwa mstari, na dhahabu inatokea chini kama nyuzi za hariri. Ni kukwangua vocha, hakuna tofauti, ila namba inayotokea ni vazi la mtakatifu. Wahispania wanaita *estofado*. Mavazi yote yale mazito unayoyaona kwenye sanamu zao yamekwanguliwa hivyo, na mtu aliyeinama.

Uso na mikono ni kazi nyingine na mara nyingi ya mtu mwingine. Mchongaji alichonga, mchoraji alipaka, kila mmoja na chama chake na malipo yake. Sevilla mwaka 1603 padre mmoja tajiri alimwagiza Juan Martínez Montañés Kristo msalabani, na mkataba unasema wazi: awe hai bado, kichwa kimeinama, macho yamtazame yule anayesali miguuni pake. Francisco Pacheco, baadaye baba mkwe wa Velázquez, ndiye aliyempaka rangi. Mkataba huo nimeusoma mpaka nimeuota. Unaonyesha kwamba nani anamtazama nani halikuwa jambo la bahati. Liliagizwa, liliandikwa, lililipiwa. Kwa hiyo mama alipouliza nani anamhudumia yule wa chini, alikuwa anauliza swali ambalo mteja wa karne ile angelielewa mara moja.

Ndipo nikaanza kuwatafuta Kosma na Damiano kila mahali. Firenze, Italia, ambako nilifanya uzamivu, wako kwenye makumbusho ya San Marco, kwenye kibao cha mtawa mchoraji Fra Angelico kisichozidi ukubwa wa trei ya chai, cha mwisho wa miaka ya 1430 hivi. Kilikuwa sehemu ya picha kubwa ya altare iliyolipiwa na Cosimo de' Medici, tajiri wa benki wa mji ule. Kosma alikuwa mtakatifu somo wake, na jina la ukoo wao maana yake ni madaktari, kwa hiyo familia ile iliwakumbatia watakatifu hao kama watu wanavyokumbatia mjomba waziri. Ni picha tulivu ajabu. Kitanda, mapazia, watakatifu wawili wameinama kama wauguzi wa zamu ya usiku, na mguu mmoja mweusi kwenye mwili mweupe. Yaliyobaki ya mwenye mguu hayamo chumbani.

Simlaumu Fra Angelico. Hadithi aliyokuwa nayo, ile iliyokusanywa na Jacopo da Varazze karne ya 13, inasema mguu ulitolewa kwa Mwethiopia aliyekufa na kuzikwa siku ileile, makaburini. Maiti haiumii. Villoldo ndiye aliyemfufua yule maiti akamlaza sakafuni akiwa hai. Hakuna aliyemlazimisha, hadithi ilikuwa imeshampa njia rahisi. Wanazuoni wengine huona hapo ukatili tu, kwamba mwili mweusi umefanywa spea. Mimi msimamo wangu ni mwingine kidogo na umenigombanisha na watu. Castilla, eneo la Valladolid, ya 1547 ilikuwa na watumwa weusi mitaani, jikoni, kwenye karakana. Fundi anayejua kuchonga maumivu kiasi kile ameyaona maumivu. Aliyemchonga mtu yule amemtazama, hata kama watakatifu wake wana shughuli nyingine. Na aliyepaka rangi ilimbidi achanganye rangi moja kwa watu wawili, mguu wa kitandani na mwili wa sakafuni, vinginevyo muujiza haueleweki. Kwenye bakuli lile la rangi wale wawili walikuwa kitu kimoja.

Nilipotetea hoja hiyo, mjumbe mmoja wa jopo alisema ni ya hisia. Mwingine, kwenye kongamano, alinishauri kwa nia njema niachane na jasi na dhahabu, nibaki na "watu weusi kwenye sanaa" kwa sababu hapo sauti yangu ina uzito. Nimealikwa makongamano saba, na mara sita nimewekwa kwenye kikao cha Afrika, hata mwaka ule nilipozungumzia gundi. Gundi ya ngozi ya sungura! Sijui Afrika iliingilia wapi. Ninachotaka ni vyote viwili: yule wa chini, na pia bluu ya Fra Angelico, bila kumwomba mtu ruhusa ya kuipenda.

Aliyenipa jina hatimaye ni Juan de Pareja. Si jina la yule wa Valladolid. Huyo ameondoka bila hati. Pareja alikuwa mtumwa wa Velázquez, mzaliwa wa Antequera, na alikuwa naye Roma kwenye safari ya pili ya bwana wake. Tarehe 19 Machi 1650, sikukuu ya Yosefu (Yosefu wangu wa pua), picha yake iliyochorwa na Velázquez ilionyeshwa Pantheon, lile hekalu la kale la Roma lililogeuzwa kanisa. Amesimama, mkono umepita mbele ya mwili, kola nyeupe ya lesi, anakutazama usoni kama mtu anayesubiri umalize kusema uongo. Watu wa Roma waliisifu sana. Na siku waliyokuwa wanaisifu, aliye kwenye picha alikuwa bado mali ya aliyeichora.

Hati ya kumwachia huru iliandikwa Roma tarehe 23 Novemba 1650. Mwanahistoria wa sanaa Jennifer Montagu ndiye aliyeitoa kwenye nyaraka za serikali pale Roma na kuichapisha 1983. Nilipoisoma nilisimama kwenye sharti: awe huru, lakini baada ya kutumika miaka minne zaidi. Baba alipokuwa anastaafu aliambiwa barua imetoka, ila akae kidogo mpaka mbadala wake apatikane. "Kidogo" ilikuwa miezi 14. Silinganishi utumwa na polisi. Nasema tu kwamba sauti ya karatasi ile niliitambua.

Mwaka 1661 Pareja, sasa mtu huru, akachora Wito wa Mathayo, turubai la zaidi ya mita 3 kwa upana, liko makumbusho ya Prado, Madrid. Ukingoni kushoto amejichora mwenyewe, na mkononi ana karatasi. Kwenye karatasi kuna jina lake na mwaka. Nilisimama mbele yake dakika 50 mpaka mlinzi akaanza kunizunguka. Ile picha ya Velázquez yenyewe iliuzwa mnadani London mwaka 1970 kwa zaidi ya pauni milioni mbili, sasa iko New York, na sijaiona.

Nilirudi Kampala 2018. Wapo wanaodhani nilifukuzwa. Nilirudi kwa sababu nilitaka kufundisha watu watakaosinzia saa nane mchana kwa posho. Ninafundisha vyuo viwili kwa malipo ya saa, na kimoja kina deni langu la muhula mzima ambalo tunasalimiana nalo kila mwezi. Vyuo vilipofungwa 2020 niliishi kwa kuwafundisha Kiitaliano masista wanaokwenda kusoma Roma, kwa simu. Wanafunzi bora kabisa. Hawachelewi na wanakuombea. Nimewafundisha na *fuorigioco*, kwa heshima ya padre wangu.

Picha ya Villoldo mama alikuwa ameikataa. Nilitaka kuibandika sebuleni Nansana, akasema nyumba yake haina nafasi ya mtu anayevuja damu, nimletee picha ambayo ameinuka. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ni agizo. Mwezi uliopita nikaenda Barabara ya Nasser, mtaa wa wachapishaji wa Kampala, na Pareja kwenye flashi. Ulikuwa msimu wao wa mabango ya uchaguzi, kuta zote zimejaa nyuso na alama za vyama. Kijana wa mashine akamfungua kwenye kompyuta, akamtazama kwa muda, akaanza kumwongezea mwanga usoni bila kuulizwa.

"Ssebo, huyu anagombea kiti gani?"

"Hagombei. Mwache na giza lake."

"Hana kaulimbiu?"

Alinitolea nakala moja, akisikitika wazi kwamba mteja wangu atashindwa. Nikamkunja Pareja kwa uangalifu ndani ya bomba la karatasi, nikampakata kwenye boda mpaka Nansana.

Mama alimnyoosha mezani, akamwekea vikombe kwenye pembe nne. "Huyu naye anaitwa nani?"

"Juan de Pareja."

"Hwani." Akalijaribu tena polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akaenda kutafuta msumari.

Jumapili iliyopita mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, alipita kuleta barua, akasimama mlangoni akimtazama yule mzee wa kola ya lesi karibu na kalenda, akauliza ni ndugu wa upande gani. Mama akamjibu kwamba ni mtu wa kazini kwangu. Halafu akanigeukia, akaniambia nikija tena nije na fremu ya kioo, kwa sababu moshi wa sigiri umeshaanza kumchafua kola.